Baba hakuacha wosia, aliacha ahadi

Baba yetu hakuwa tajiri, na nadhani ndo maana hakuandika wosia. Kichwani kwake wosia ni mambo ya watu wenye maghorofa, sio mtu mwenye nyumba moja ya kuishi, kiwanja kimoja, gari lililochoka na akaunti mbili benki ambazo moja hata mama alikuwa haijui. Na alikuwa mtu mzuri. Hilo naliweka mwanzoni kabisa manake watu wakisikia familia imegombana baada ya msiba wanajua tu marehemu alikuwa na vituko au watoto wana tamaa ya mali. Kwetu shida ilikuwa nyingine. Baba alikuwa mtu wa kutoa ahadi tamu kwa kila aliyekaa naye vizuri, na hakuna hata moja aliyoiandika popote.

Kikao cha kwanza baada ya mazishi kilianza vizuri tu. Mzee mmoja wa ukoo akafungua kwa dua, akasema marehemu kaacha watoto wakubwa wenye akili zao, hatutegemei maneno. Kaka yetu mkubwa akasema, kwa upole kabisa wala hakupandisha sauti, kwamba baba alishamwambia nyumba itabaki kwake kwa sababu yeye ndo alimalizia vyumba vya nyuma kwa hela yake. Dada akamwangalia. Akasema mbona mimi aliniambia nyumba ni ya mama mpaka atakapofumba macho, baada ya hapo iuzwe tugawane. Mdogo wetu wa mwisho yeye aliambiwa kiwanja ni chake siku akioa. Baba mdogo, aliyekuwa kimya muda wote anachezea funguo zake, akasema samahanini wanangu, kile kiwanja tulichangiana na marehemu nusu kwa nusu, jina liliandikwa la kwake peke yake kwa vile mimi siku ya kuandikishana nilikuwa safarini. Mimi niliahidiwa gari. Na mama, amekaa chini kaegemea ukuta, akasema sentensi moja tu, "Mimi alinambia nisiwe na wasiwasi."

Kuanzia hapo amani ikaisha. Sio siku hiyo hiyo, siku hiyo watu waliondoka wamenuniana tu, ila ndo ilikuwa mwisho wa kuongea bila kupima maneno.

Nimekaa na hili jambo miaka sasa na msimamo wangu ni kwamba hakuna aliyedanganya pale. Hata baba mdogo. Baba alimwahidi kaka nyumba kipindi kaka anamalizia vile vyumba na wote wana furaha, halafu miaka ikapita wakapishana kauli, akaja kumwambia dada kitu tofauti, na mdogo wetu naye akaambiwa la kwake siku aliyofaulu mtihani. Kila ahadi ilikuwa ya kweli siku ilipotoka. Ila baba hakuwahi kurudi kwa mtu akamwambia lile nililokwambia mwaka fulani nimelitengua. Nani anaweza kufanya hivo kwa mwanae bana? Sasa wosia wa maandishi unafanya kazi hiyo bila aibu yoyote, mara nyingi mstari wa kwanza kabisa unasema nafuta wosia wote nilioutoa kabla ya huu, basi, yaliyotangulia yote yameondoka. Maneno ya mdomo hayana mstari huo. Yanakaa tu kila moja kwa mwenyewe, na siku ukiondoka yanatoka yote kwa pamoja yanakutana sebuleni kwako.

Kuna watu wanasema si wosia wa mdomo unakubalika. Ndio, sheria za nchi kadhaa zinaukubali, lakini sio ule wa kumnong'oneza mtu mmoja mkiwa mnaosha gari. Wanataka mashahidi zaidi ya mmoja walioyasikia, na kwingine ni lazima mtu awe ameyasema akiwa karibu na kufa. Tulipomuuliza wakili hii kitu alituangalia kwa huruma akauliza, "Kati yenu kuna wawili waliosikia ahadi moja kwa wakati mmoja?" Hakukuwa na mtu.

Niirudie ile akaunti ambayo mama hakuijua, manake ndo ilikuja kutufungua macho. Wiki kadhaa baada ya msiba akaja kijana mmoja na mama yake. Kijana mpole, kavaa shati la shule lililopigwa pasi vizuri, kabeba faili la plastiki kifuani. Ndani ya faili mlikuwa na cheti cha kuzaliwa, picha za baba akiwa kambeba mtoto mchanga, na risiti za ada miaka na miaka, nyuma ya kila risiti mwandiko wa baba ule wa herufi zilizolala, "imelipwa". Mama yetu aliziangalia zile risiti moja moja mpaka ya mwisho. Hakulia. Alizipanga vizuri kwa tarehe akazirudisha kwenye faili, akaenda chumbani.

Nalisema hili bila kumvunjia marehemu heshima, kwa sababu naamini ndo sababu halisi inayowafanya wanaume wengi wazima wakwepe wosia, huku mdomoni wanasema ni uchuro au bado kijana. Mtu ana kitu hajasema nyumbani. Anaogopa akikiandika kitasomwa akiwa bado anapumua. Wala si lazima kisomwe! Wosia unaufunga kwenye bahasha, unaupeleka kwa wakili au mahali panapohifadhi nyaraka za namna hiyo, na unafunguliwa wakati wewe haupo kwenye chumba. Baba angeweza kuandika sentensi mbili, huyu ni mwanangu, nilikuwa namlipia shule kwa akaunti hii, naomba aendelee mpaka amalize. Tungeumia, ndio. Ila tungeumizwa na baba. Badala yake yule mtoto aliyekuwa hana kosa lolote ndo alisimama sebuleni kwetu akijieleza yeye ni nani, wengine wanamwangalia kama mwizi, na kaka yangu mmoja alitamka neno ambalo mpaka leo yeye na yule kijana hawajalimaliza. Mitihani yake ya mwisho aliifanya akiwa anadaiwa ada, na hela yake imelala benki hakuna anayeweza kuigusa.

Manake ukishakufa benki wakipata taarifa wanaifunga akaunti, hawaangalii unalia kiasi gani. Wanataka karatasi ya mahakama inayosema nani ndiye msimamizi wa mirathi. Na hapa tofauti ya aliyeandika wosia na ambaye hakuandika inaonekana vizuri sana. Aliyeandika kamtaja mtu mwenyewe, mahakama kazi yake kubwa ni kuhakikisha wosia ni halali na kumthibitisha yule mtu. Asiyeandika, familia inakaa kuchagua, inaandika muhtasari wa kikao, inapeleka maombi, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwetu mwenye pingamizi alijitokeza, baba mdogo na nusu kiwanja yake. Ushahidi wake wote ulikuwa kwenye kumbukumbu ya mtu aliyekwisha zikwa. Kesi ikapigwa tarehe, ikapigwa tarehe tena. Mtoto wa dada aliyezaliwa kipindi cha msiba alianza kutembea, akaanza kuongea, kiwanja bado kina zuio. Mwishowe tulimpa baba mdogo kipande. Sio kwamba alithibitisha, ni tulichoka, na yeye alichoka, na nadhani hata hakimu alichoka.

Halafu karatasi. Baba alikuwa na briefkesi ya zamani ya namba za kuzungusha, tuliivunja kwa bisibisi. Ilijaa vitu vya thamani kwake tu, barua za miaka ya nyuma, vitambulisho vilivyoisha muda, kadi ya kliniki ya marehemu bibi. Chini kabisa ndo tukakuta nakala ya fomu ya mafao ya kazini, aliijaza alipoajiriwa, bado hajaoa, na kwenye sehemu ya mnufaika kaandika jina la mama yake mzazi. Bibi alishafariki zamani. Baba alioa, akazaa, akapanda cheo, akazika mama yake kwa mikono yake mwenyewe, ile fomu ikabaki vilevile. Kwahiyo hela ambayo ingetoka haraka ikamsaidia mama, nayo ikatupwa kwenye foleni ya mirathi pamoja na vingine vyote.

Hili ni jambo ambalo hata walioandika wosia linawapita. Mafao, bima ya maisha, akaunti ya pamoja, vitu kama hivi mara nyingi haviendi kwa wosia, vinakwenda kwa jina lililopo kwenye fomu au kwa mwenzako aliyebaki kwenye akaunti. Unaweza kuandika wosia mzuri unampa mkeo kila kitu, halafu kwenye fomu ya bima kuna jina la mchumba wa ujana wako, na kampuni ikamlipa mchumba wa ujana wako bila kosa lolote. Kakague fomu zako kwanza, hiyo haihitaji hata wakili.

Na madeni jamani. Hapa kuna mchezo nimeuona kwa macho yangu. Waliokuwa wanamdai baba walikuja wote, wengine walifika kabla ya baadhi ya ndugu. Waliokuwa wanadaiwa na baba walikuja pia, wakalia sana, wakaondoka. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, inaita tu mezani na majina yanatokea, mengine hatuyajui, na kwenye laini yake kulikuwa na hela ambayo nayo ilibidi isubiri mahakama. Tulijua fulani anadaiwa kwa sababu baba alikuwa analalamika wakati anakula, ila ukienda kwa fulani anakwambia nilishamlipa mzee mkononi. Unamjibu nini?

Nikaanza kuuliza watu na kusoma, kwa hasira tu mwanzoni, na nikagundua wala hatuko peke yetu na wala sio suala la elimu. Abraham Lincoln, rais wa Marekani aliyeuawa 1865, alikuwa mwanasheria kwa taaluma, tena wa miaka mingi, na alikufa bila wosia. Prince yule mwanamuziki alifariki Aprili 2016, hana mtoto aliye hai, hana mke wakati ule, hana wosia uliopatikana, watu kibao wakajitokeza kudai ni ndugu, na mali yake ilikuja kugawanywa rasmi 2022. Huyo alikuwa na hela ya kuajiri mawakili wote anaowataka. Kwahiyo mtu akikwambia wosia ni wa matajiri mwambie matajiri nao hawaandiki. Na kusema ukweli mwenye kidogo ndo anahitaji zaidi, tajiri wakigombana miaka sita bado kinabaki cha kugawana, sisi gharama za kesi zilikaribia kulimaliza gari lote. (Lile gari langu niliyoahidiwa, ndio hilo hilo. Liliuzwa.)

Hilo la uchuro nitalipitia haraka kwa sababu sina uvumilivu nalo. Ukikata bima ya gari hujaita ajali. Na kwa ndugu zangu Waislamu hoja hii haina hata pa kukaa, manake kuna hadithi sahihi ya Mtume iliyopokewa na Ibn Umar kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale hata usiku mbili isipokuwa wasia wake uwe umeandikwa kwake. Usiku mbili! Sisi tuna miaka hamsini na bado tunasema ngoja kwanza.

Sasa shangazi. Dada yake baba, hakuolewa wala hakuzaa, alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Alifuata miaka michache baadae, na alikuwa ameshuhudia sinema yetu yote kimya kimya. Siku ya pili baada ya mazishi yule aliyemteua akatuita, akatoa bahasha, wosia wenyewe ukurasa mmoja na nusu, umechapwa, sahihi yake chini na za mashahidi wawili. Kulikuwa na mstari unasema cherehani kubwa apewe binti wa dada yenu, "sio kwamba nampenda kuwazidi wengine, ni yeye peke yake aliyekaa akajifunza kuitumia." Mdogo wetu wa mwisho alipewa kidogo kuliko wote na sababu imeandikwa, kwamba yeye alishamlipia chuo. Kaka alipata vitu ambavyo hakuvitaka. Yule kijana wa faili la plastiki ametajwa kwa jina lake kamili na neno "mtoto wa kaka yangu", kapewa sawa na dada.

Tulinung'unika. Jamani tulinung'unika sana, kwamba shangazi naye, kwamba hakupima vizuri, kwamba fulani alimhudumia zaidi akiwa mgonjwa. Ila nikaja kushtuka kwamba tulikuwa tunamnung'unikia yeye, hatunung'unikiani sisi. Hasira zote zilikuwa na mahali pa kwenda, na mahali penyewe ni kwa mtu aliyekwisha tangulia asiyeweza kuumia tena. Baada ya miezi michache kila mtu alikuwa na chake na ndugu tunapigiana simu. Nyuma ya ile karatasi, sio kwenye wosia wenyewe, alibandika orodha ya mkono ya nani anamdai nguo na nani hajamaliza kulipa, na pembeni ya jina moja kaandika, huyu mwacheni. Mpaka leo hatujui kwa nini.

Ndo nikasema mimi yangu inaandikwa. Mume wangu nilipomwambia aliuliza unataka kwenda wapi. Nikamwambia siendi popote, ila wewe ukienda mimi sitaki kuvunja briefkesi kwa bisibisi. Akacheka, kisha hakucheka.

Niseme niliyojifunza kwenye kuandika kwenyewe, maana watu wengi wanadhani ukichukua karatasi ukaandika umemaliza. Sheria hazifanani. Ufaransa mtu anaweza kuandika wosia peke yake bila shahidi yeyote, mradi wote uwe kwa mwandiko wake, una tarehe na sahihi. Kwingine kwingi, hasa nchi zilizochukua sheria zao kwa Waingereza, unahitaji mashahidi wawili wanaokuona ukisaini na wao wanasaini mbele yako. Na kosa linalofanywa na watu wengi hapa ni kumchukua mtoto au mke kuwa shahidi, kwa sababu ndo waliopo nyumbani. Chini ya sheria ya Uingereza ya 1837 shahidi au mwenzi wake akiwa ameachiwa kitu kwenye wosia huo huo, wosia unabaki mzima ila kile alichoachiwa kinaanguka. Yaani unamwita mwanao umsaidie kusaini, unamnyang'anya urithi wake bila kujua. Tafuta watu wasionufaika na kitu. Sisi tulichukua wafanyakazi wenzake mume wangu wawili, hawakusoma ndani, hawahitaji kusoma, wanashuhudia sahihi tu.

Kama unaona mambo ya mashahidi ni urasimu, msome Stieg Larsson, mwandishi wa Sweden aliyefariki ghafla 2004 kabla riwaya zake hazijauza mamilioni duniani. Alikuwa ameishi na mwenzake zaidi ya miaka 30 bila kufunga ndoa. Kulikuwa na wosia wa ujana wake, wa 1977, lakini haukushuhudiwa, kwahiyo ukawa si kitu. Sheria ya kule mtu mliyeishi tu bila ndoa hakurithi kama hakuna wosia, mali yote ikaenda kwa baba yake na mdogo wake wa kiume, mwenzake akabaki kupigana nje. Nawaambia hili wale wote mnaoishi na mtu na kusema sisi karatasi ni karatasi tu, tunapendana. Sawa mnapendana. Ila sheria haijui mnapendana, inauliza jina lako liko wapi.

Kitu kingine ni mahali pa kuuweka. Aretha Franklin, mwimbaji maarufu wa Marekani, alipofariki 2018 familia iliamini hakuacha wosia kabisa. Mwaka uliofuata zikapatikana karatasi za mwandiko wake nyumbani, nyingine kwenye kabati lililofungwa, nyingine kwenye daftari chini ya mito ya sofa. Wanae wakavutana zipi zihesabike, na mpaka Julai 2023 ndo baraza la wazee wa mahakama kule Michigan likaamua ile ya 2014, ya kwenye sofa, ndo halali. Wosia usioonekana ni sawa na haupo, na wosia miwili isiyofutana ni kesi. Mimi wa kwangu halisi upo kwa wakili na msimamizi anajua upo pale. Usiufungie kwenye sanduku la benki lenye jina lako peke yako, manake sanduku litasubiri karatasi ya mahakama, na karatasi ya mahakama inasubiri wosia ulio ndani ya sanduku.

Namba za siri na paswedi usiziweke ndani ya wosia. Ukishathibitishwa mahakamani nchi nyingi unakuwa waraka ambao mtu yeyote anaweza kuomba nakala. Weka karatasi ya pembeni, na tumia vile vitu vilivyopo tayari, Google tangu 2013 wanakuruhusu kuchagua mtu wa kupewa vitu vyako akaunti ikikaa kimya muda fulani, Apple nao waliongeza mwishoni mwa 2021. Nilimwekea dada yangu. Na kama una matakwa kuhusu mazishi yako usiyafiche huko ndani pia, wosia mara nyingi unafunguliwa watu wameshazika, yaseme mapema au yaandike kwa mtu.

Halafu usidhani wosia unakupa uhuru wa kumnyima unayemtaka. Muislamu anaweza kuusia mpaka thuluthi moja tu ya mali yake, na sio kwa mrithi labda warithi wengine waridhie, theluthi mbili zinazobaki zina wenyewe na mafungu yao yanajulikana. Ufaransa watoto wana sehemu yao isiyoguswa, ukiwa na mmoja ni nusu, wawili theluthi mbili, watatu au zaidi ni robo tatu. Na sehemu nyingi mahakama inaweza kusikiliza mtu uliyekuwa unamtunza ukamwacha bila chochote. Ile hamu ya kumkomoa mtu kwa wosia iache, inazalisha kesi, na atakayekomolewa ni yule aliyebaki akiitetea.

Kilichotutesa zaidi mimi na mume wangu hakikuwa mali kabisa, mali tulimaliza jioni moja. Ni nani awalee watoto tukiondoka wote kwa pamoja. Hapo tulilala tumegeuziana migongo. Yeye anasema kaka yake, ana nyumba kubwa, ana kipato. Mimi nasema shemeji ni mtu mwema ila hajawahi kukaa na mtoto anayeumwa usiku, na mkewe hatujamuuliza. Dada yangu hana hela ila watoto wanamkimbilia. Wakili akatuambia kitu kilichotuokoa, kwamba anayelea watoto na anayeshika hela yao si lazima awe mtu mmoja, na mara nyingi ni afadhali wasiwe. Tukaandika dada alee, shemeji asimamie hela na atoe hesabu. Tukaenda kuwaomba wote wawili ana kwa ana, kwa sababu kumtaja mtu bila kumuuliza ni kumtupia mzigo, ana haki ya kuukataa. Dada alikubali palepale. Shemeji aliomba siku mbili tatu za kufikiri, na mimi nikamheshimu zaidi kwa hilo.

Msimamizi wa wosia hatukuchagua mkubwa wa umri. Tulichagua mtu anayetunza risiti na anayepokea simu. Tukaweka na wa akiba, endapo wa kwanza atatangulia yeye au atakataa.

Tangu hapo tumeurekebisha mara kadhaa, kiwanja kiliuzwa, dada alihama nchi. Nilipoona mabadiliko ya kwanza nilishika kalamu nikataka kukata tu jina na kuandika juu yake, wakili akanizuia, anasema ukikatakata wosia ambao tayari umesainiwa yale makato hayahesabiki mpaka yasainiwe na kushuhudiwa kama mwanzo, na yanaweza kuleta maswali kwenye vilivyobaki. Mwakani mtoto wetu wa mwisho anatimiza miaka 18, kipengele cha malezi kinatoka chote na cha hela yao kinabadilika. Mashahidi wetu mmoja kastaafu na kahamia mbali, kwahiyo inabidi tutafute mwingine, na mume wangu anasema safari hii ni zamu yangu kuleta watu wa ofisini kwangu.